Kisahani Juu ya Jiwe

Swali la nini hasa hukifanya kiumbe kiwe kimoja limewashughulisha wanafalsafa na wanateolojia tangu kale, lakini ni nadra kutafutiwa jibu mahali pa karibu kama jiwe la mlimani au gome la mti wa kahawa huko Rugu, wilayani Karagwe. Mawe magumu yasiyo na chokaa, kama yale ya kwatzi yaliyojenga vilima vingi vya Karagwe, ndiyo makao ya aina nyingi za kuvumwani za jenasi ya Lecidea, ilhali zile za Buellia huota juu ya mawe na pia juu ya magome. Utando wa kuvumwani hizo, mara nyingi wa kijivu, hushikamana na jiwe kiasi kwamba haubanduki bila kung'oka na chembe za jiwe lenyewe, na juu yake hutokeza visahani vyeusi, vingi visivyofikia milimita 2 kwa upana, viitwavyo apothesia, yaani viungo vinavyotoa spora, ambazo ni vijimbegu vya kuvu.

Jina la Kiswahili limekwisha kuitoboa siri: kuvumwani ni kuvu na mwani, kuvu ikijenga nyumba na kutunza unyevu, mwani ukitengeneza chakula kwa mwanga wa jua. Simon Schwendener, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi, alipolitangaza jambo hilo miaka ya 1860, aliifananisha kuvu na bwana na mwani na watumwa wake, na baadhi ya wanazuoni waliozihesabu kuvumwani kuwa mimea kamili wakampinga vikali.

Kisahani ndicho kinachostahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi. Katika Lecidea ukingo wake hauna mwani hata chembe, na spora irukayo humo ni ya kuvu peke yake. Ikitua kwenye jiwe jingine haina budi kukutana na mwani wa kuungana nao, la sivyo kwa kawaida hufa. Kwa njia hii ya uzazi, basi, umoja haurithiwi, bali hufungwa upya katika kila kizazi.

Umoja wa kufungwa namna hiyo ulikuwapo hata kati ya watu: Wahaya, majirani wa Wanyambo wa Karagwe, walikuwa na undugu wa kuchanjiana uitwao omukago, ambapo wawili wasiozaliwa tumbo moja walilishana buni zilizopakwa damu yao, nazo buni mbili hulala pamoja ndani ya tunda moja la kahawa. Huo ulikuwa udugu wa kweli, wenye haki na miiko yake, ingawa chanzo chake kilikuwa agano wala si kuzaliwa. Mfano huo unaifaa kuvumwani kuliko ule wa Schwendener, kwa maana mwani wa aina nyingi huweza kuishi peke yake, ilhali kuvu yake ni nadra mno kuonekana porini bila mwani, na hivyo aliyeitwa bwana ndiye anayemhitaji mwenzake zaidi.