Kihenge Kilichojaa ni cha Nani?



Tulipokuwa bado tukishika chaki, somo la historia juu ya mwanzo wa kilimo lilikuwa jepesi kulifundisha. Tulichora ngazi ubaoni. Chini kabisa alisimama mwindaji na upinde wake, katikati mkulima na jembe, na juu ulikuwapo mji wenye kuta, mfalme, hekalu na waandishi. Watoto walinakili, nasi tukafuta ubao. Hakuna aliyeuliza kama kuna mtu aliyeanguka wakati wa kupanda ngazi ile, wala sisi hatukujiuliza. Sasa tumestaafu, tunayo nafasi ya kusoma, na swali hilo limetujia kwa kuchelewa. Twalileta kwenu kwa kuwa Sikukuu ya Mavuno yakaribia.

Kilimo cha zamani kinachojulikana vizuri kilianza yapata miaka 11,000 iliyopita, katika nchi zilizopinda kama mwezi mwandamo kuanzia Palestina na Yordani, kupitia Syria na kusini mwa Uturuki, hadi Iraki na magharibi mwa Irani. Watu wa huko walikuwa wakichuma ngano na shayiri za mwituni, kisha wakaanza kuzipanda. Wakapanda na dengu na njegere, wakafuga mbuzi na kondoo. Haikuwa kazi ya siku moja wala ya kizazi kimoja. Ngano ya mwituni ikiiva hupukutisha punje zake chini, na ndivyo inavyojipanda. Wavunaji walipeleka nyumbani zaidi yale mashuke yaliyoshika punje, na katika hizo wakatoa mbegu. Vizazi vikapita, ikatokea ngano isiyoweza kujipanda bila mkono wa mtu. Na mtu naye akawa hawezi kuishi bila ngano yake. Kila mmoja alimfunga mwenzake.

Faida zilikuwa kubwa, nasi hatuna haki ya kuzibeza. Nafaka hukauka na kukaa. Mwenye ghala hahangaiki kila asubuhi kutafuta cha siku ile. Huko Yeriko, mji tunaoujua kutoka kitabu cha Yoshua, Mwingereza Kathleen Kenyon alichimba kati ya mwaka 1952 na 1958, akakuta ukuta na mnara wa mawe wenye kimo cha zaidi ya mita 8, uliojengwa yapata mwaka 8000 K.K., maelfu ya miaka kabla ya Yoshua. Watu wenye njaa ya kila siku hawajengi mnara wa namna hiyo.

Lakini mifupa nayo ina ushuhuda wake. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Cohen na Armelagos, walitoa kitabu kilichokusanya uchunguzi wa mifupa ya kale kutoka pande nyingi za dunia. Mahali pengi wakulima wa kwanza walionyesha dalili za maradhi na lishe duni kuliko wawindaji waliowatangulia. Huko Abu Hureyra, katika nchi ya Syria, mifupa ya wanawake ilionekana imeharibika vidole vya miguu, magoti na mgongo, kwa sababu ya kupiga magoti saa nyingi kila siku wakisaga nafaka juu ya jiwe. Sisi tuliowaona mabibi zetu wakisaga mtama hatuhitaji kuelezwa zaidi.

Kwa sababu hizo mwandishi wa Marekani, Jared Diamond, aliandika mwaka 1987 kwamba kilimo ndicho kosa kubwa kuliko yote aliyofanya mwanadamu. Je, tukubaliane naye? Twadhani sivyo. Mtu anayekula ugali asubuhi na jioni asilitukane jembe. Tena wawindaji nao walijua njaa, na mtoto aliyezaliwa mwaka mbaya aliijua zaidi. Jembe halina hatia. Kama kuna mahali kosa liliingia, tusilitafute shambani. Tulitafute ghalani.

Twende basi Uruk, kusini mwa Iraki, mji ambao Mwanzo sura ya 10 inautaja kwa jina la Ereku. Huko, yapata mwaka 3200 K.K., watu waliandika katika mabamba ya udongo maandishi ya kwanza kabisa tunayoyajua. Sisi tuliofundisha kusoma na kuandika maisha yetu yote tungependa maandishi hayo yawe sala, au utenzi, au barua ya mama kwa mwanawe. La, mengi mno ni hesabu za ghala: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, pombe kiasi gani, posho ya vibarua kiasi gani. Na katika alama zile za kale imo moja ya mjakazi. Imetengenezwa kwa kuunganisha alama ya mwanamke na alama ya milima, na wataalamu wengi huielewa kuwa ni mwanamke mgeni, aliyeletwa kutoka milimani. Kwa hiyo daftari la kwanza la dunia lilikuwa la mtunza ghala, na ndani yake mwanadamu alikwisha kuhesabiwa pamoja na mbuzi.

Ghala likizaa daftari, daftari huzaa deni. Katika Babeli ya mfalme Hammurabi, yapata mwaka 1750 K.K., riba iliyozoeleka ya mkopo wa shayiri ilikuwa theluthi moja. Sheria zake zinamtaja mtu aliyelemewa na deni hata akamtoa mkewe, au mwanawe, au binti yake akafanye kazi kwa mdai. Sheria ilisema watumike miaka 3, na mwaka wa 4 waachiliwe. Twaona kwamba mfalme alijua jambo hilo ni baya, akaliwekea mpaka. Wafalme waliomtangulia nao walijua. Enmetena wa Lagash, yapata mwaka 2400 K.K., alifuta madeni ya watu wake. Neno walilotumia Wasumeri kwa tendo hilo ni amargi, na maana ya sehemu zake ni kurudi kwa mama. Mtoto aliyechukuliwa kwa sababu ya vibaba vya shayiri alirudi kwa mama yake. Hatujui maelezo ya uhuru yaliyo bora kuliko hayo.

Hapa msomaji wa Biblia atamkumbuka Yusufu. Katika shule ya Jumapili tumezoea kuishia Mwanzo sura ya 41, pale Yusufu anapoweka akiba miaka 7 ya shibe na kuokoa maisha ya watu. Tusome mpaka sura ya 47. Wamisri walileta kwanza fedha zao. Zilipokwisha wakaleta mifugo. Mwaka uliofuata hawakuwa na kitu ila miili yao na mashamba yao, na hivyo vyote vikawa vya Farao. Walikuja wakiwa watu wenye mashamba, wakaondoka wakiwa na nafaka na bila mashamba. Walimshukuru Yusufu, maana walikuwa hai. Lakini muda si muda wana wa Israeli wenyewe walikuwa watumwa katika nchi ile ile, wakimjengea Farao miji ya kuwekea akiba. Biblia haituambii kwamba jambo la pili lilitokana na la kwanza, ila imeyaweka karibu sana.

Tungeweza kuishia hapo na kuwahukumu Wasumeri na Wamisri, lakini hatuna budi kusema na letu. Mwaka 2006 mvua zilitukimbia. Sisi nyumbani tulikuwa na magunia 14 ya mtama. Mwezi wa Februari alikuja jirani, akabisha hodi kabla jua halijachomoza ili watu wasimwone. Akasema, "Mwalimu, watoto hawajala tangu jana." Tulimpa madebe mawili. Lakini tuliandikiana kwamba atarudisha manne wakati wa mavuno, na asipoweza atatuachia kipande chake cha shamba kando ya korongo. Mavuno yake hayakutosha, nasi tukachukua shamba. Hatukuvunja sheria yoyote. Hati ilikuwa na mashahidi wawili, na mwandiko wake ulikuwa mzuri, maana tulijifunza mwandiko huo chuo cha ualimu. Jirani yule akafa, na wanawe wakawa vibarua katika mashamba ya wengine.

Mtu aweza kuuliza: je, aliyelima kwa jasho anadaiwa na mvivu? Mtume Paulo mwenyewe hakumtetea asiyetaka kufanya kazi. Ni kweli, lakini ukame haubagui mchapakazi na mvivu, na jirani yetu hakuwa mvivu. Tena tazameni hekima ya Torati. Walawi sura ya 19 inamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni, wala kurudia masazo, bali ayaachie maskini na mgeni. Maskini anakuja mwenyewe, anainama, anaokota, kama Ruthu alivyofanya. Anakula kwa kazi yake wala hapotezi chochote kilicho chake. Na sura ya 25 inaagiza kwamba katika mwaka wa yubile shamba lirudi kwa wenyewe.

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Kuweka akiba si dhambi. Yule tajiri mpumbavu katika Luka sura ya 12 hakulaumiwa kwa mavuno mema, ila alijenga ghala kubwa zaidi bila kumfikiria mtu mwingine yeyote. Ghala hupimwa kwa mtu aliyekuja na njaa: aliondoka na nini, na aliacha nini nyuma? Akiondoka ameshiba na shamba lake likiwa bado lake, ghala hilo ni la Mungu. Akiacha shamba, au mtoto, au heshima yake, basi tumerudi Misri, hata kama tumefungua kwa sala.

Tulipolisoma neno lile la Wasumeri hatukulala vizuri. Mwaka huu tulikwenda kwa mwana mkubwa wa jirani tukampa hati, tukamwambia shamba ni lao. Msitusifu kwa hilo. Anayerudisha mali ya mwenzake baada ya miaka mingi namna ile amelipa deni tu, tena bila riba.

Tuna ombi moja kwa Mzee wa Kanisa na ndugu wote. Siku ya Mavuno tumezoea kupiga mnada baada ya ibada, na magunia huchukuliwa na wenye fedha, huku wajane wakitazama. Mwaka huu tutenge sehemu kabla ya mnada, tuiweke katika kihenge cha kanisa, na mwezi wa Februari anayehitaji akopeshwe debe moja arudishe debe moja. Sisi tutatoa magunia mawili ya kuanzia, na daftari tutaliandika wenyewe.