Je, Aliyeruka Kamba Ana Haki ya Kuokolewa?

Ndugu yetu mmoja, ambaye watoto wake wanakaa Vancouver katika nchi ya Kanada, ametuletea suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana haliwahusu watu wa pwani, wasioijua theluji ila katika picha. Auliza: mtu akienda kwa hiari yake mahali palipokatazwa, kwa ajili ya mchezo tu, kisha akapatwa na msiba, je, ni lazima wengine wahatarishe nafsi zao kwenda kumtoa? Tumelipima tukaona lastahili jibu. Na ili lifahamike, hapana budi tuueleze kwanza mchezo wenyewe.

Katika milima ya magharibi ya Kanada, kama vile Whistler, iliyo kilomita 120 hivi kaskazini ya Vancouver, na Banff katika jimbo la Alberta, watu hukusanyika wakati wa baridi kutoka pembe zote za dunia. Hupandishwa mlimani kwa viti vinavyoning'inia katika waya, kisha huteremka wakiteleza juu ya theluji kwa mbao mbili nyembamba walizozifunga miguuni. Hatuoni ubaya katika jambo hili. Mwili una haki ya kuburudika, na mwenye kuunyoosha katika hewa safi ni bora kuliko ashindaye barazani akiwasengenya watu. Tena wenye milima hiyo hujitahidi sana kuwalinda wageni wao. Asubuhi, kabla ya kufungua, walinzi hulipua baruti katika miteremko ya hatari ili theluji iliyo tayari kuanguka ianguke kabla mtu hajapita. Na pale ulinzi wao unapokomea, hufunga kamba na kutundika vibao vya onyo.

Nyuma ya kamba hiyo ndiko liliko suala letu. Huko theluji haijakanyagwa na mtu, na ladha yake, wasemavyo wenyewe, haina mfano. Lakini theluji hurundikana tabaka juu ya tabaka, na tabaka moja dhaifu lililofichika chini latosha kuifanya iliyo juu ivunjike na kuporomoka kwa kishindo, mara nyingi kwa uzito wa yule yule apitaye. Aliyefukiwa akifukuliwa katika dakika 10 za mwanzo, yumkini ataishi; zikipita dakika 35, matumaini huwa machache. Kwa hiyo wajuao huvaa kifuani chombo kidogo kitoacho mawimbi ya redio, tena huchukua koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji.

Wala asidhani mtu kwamba wafao ni wapuuzi tu. Januari 20, 2003 watu 7 walikufa karibu na Revelstoke hali ya kuwa wako pamoja na viongozi wajuzi, na miongoni mwao alikuwamo Craig Kelly, bingwa mashuhuri wa kuteleza kwa ubao mmoja. Siku chache baadaye, Februari 1, wanafunzi 7 wa skuli moja wakafa karibu na Rogers Pass. Huko huko Rogers Pass, mwaka 1910, wafanyakazi wa reli wapatao 60, wengi wao Wajapani, walifukiwa usiku walipokuwa wakiondoa theluji iliyoziba njia ya gari la moshi. Hao hawakuwa mchezoni. Walikuwa wakitafuta riziki. Basi wako wasemao: afaye katika riziki na ahurumiwe, na afaye katika mchezo aachwe na mchezo wake.

Na warukao kamba nao wana kauli yao: nafsi ni yangu, na hatari ni yangu. Hii ni kauli nyepesi. Watazame mifukoni: wamechukua simu. Aliyeazimia kweli kutomtaabisha mtu hachukui chombo cha kuitia watu. Na atakayeitwa ni nani? Katika jimbo la British Columbia kuna vikundi karibu 80 vya waokoaji wa kujitolea, watu wenye kazi zao nyingine, wasiolipwa mshahara wala wasiomtoza kitu waliyemwokoa. Mwaka 2011 mmoja wao, mwanamke, alikufa mtoni alipokuwa akijaribu kulitoa gari lililozama na maiti ndani yake. Kwa ajili ya maiti! Basi vipi atasema mrukaji kwamba hatari ni yake peke yake?

Juu ya hayo, twasema: aokolewe. Wajibu wa kumwokoa mtu hauzaliwi na wema wake, wazaliwa na kule kumwona akiangamia nawe unaweza kumfikia. Mvuvi akitoka na kusi limekaza, juu ya kukatazwa na wazee, kisha ngalawa yake ikapinduka, hatujapata kuona watu wakisimama ufuoni wakiulizana ni nani aliyempa ruhusa. Atalaumiwa, naye atastahili, lakini kwanza atolewe majini. Hata hivyo mwokoaji hakulazimishwa kufa. Ikiwa mlima haujatulia, na kiongozi wao akaamua wangoje kuche, hana lawama, hata kama aliye juu hatafika asubuhi.

Wengine wataka warukaji watozwe gharama yote. Rai hii yapendeza sikioni, lakini waokoaji wa jimbo hilo wenyewe waikataa. Wasema mtu akihofia deni huchelewa kuita, na msako uliokuwa wa mchana huwa wa usiku. Twaona wao ndio wajuzi zaidi.

Lililo gumu ni hili. Februari 2009 mume na mke waliruka mpaka wa mlima mmoja karibu na mji wa Golden wakapotea. Walikanyaga alama kubwa za kuomba msaada katika theluji. Zikaonekana kutoka juu, wala msako haukuanzishwa. Mke akafa, mume akapatikana hai, kisha akawashitaki polisi, wenye mlima na kile kikundi cha kujitolea. Kwa maoni yetu, aliyekabidhiwa kazi ya kulinda watu akaletewa habari ya alama ile asiitikie, ana la kujibu, wala kosa la mrukaji halimfutii lake. Lakini kumshitaki mtu wa kujitolea ni jambo jingine. Kikundi kile kilisimamisha kazi kwa muda kwa kuwa hakikuwa na bima, na katika muda huo hata asiyeruka kamba yoyote hakuwa na wa kumwita, mpaka serikali ya jimbo ilipokubali kuwawekea bima.