Mzigo Usiotuliwa



Tukijichunguza kabla ya Meza ya Bwana, twahesabu dhambi zetu. Ni vema. Lakini jiulize pia: mzigo gani sikubali kuutua?

Oktoba 1873 Chuma na Susi na wenzao walifika hapa Unyanyembe, wamebeba mwili wa Dakta Livingstone kutoka kwa Chitambo. Luteni Cameron, Mwingereza, akawashauri wamzike papa hapa. Pwani ilikuwa mbali bado. Walikataa, Februari 1874 wakaingia Bagamoyo. Hapa kwetu ndipo walipojijua ni watu gani.

Nawe wa Gongoni, mkubwa akikuambia, “Tua, yatosha,” na mzigo wenyewe ni mama mgonjwa, au neno la kweli barazani, utamjibuje?