Nani Anakukimbiza?

Ijumaa iliyopita tulikuwa mazishini, mbele kidogo ya Rodi Kopany, tukimzika binamu wa marehemu baba. Nimesimama kwenye foleni ya chakula, sahani mkononi, waya akanishika kifundo cha mkono. Waya ni dada ya baba, na kwetu dada ya baba haombi ruhusa ya kukushika. Alizungusha kidole gumba na cha kati, vikakutana. Akaviachia, akazungusha tena, kama fundi cherehani asiyeamini tepu yake. Kisha akanivuta hadi nyuma ya tangi la maji.

"Wuod owadwa," mwana wa kaka yangu, akanong'ona, "dawa umeanza?"

Nikauliza dawa gani. Alinitazama kwa hasira ya mtu anayefanywa mjinga. "Usinifiche. Watatu niliowazika walinificha."

Nilicheka. Nikamweleza kwamba najiandaa kwa marathoni ya Nairobi mwezi Oktoba, kwamba tangu Mei nimeshuka kutoka kilo 89 hadi 78, kwamba ni mazoezi tu. Yeye hakucheka. "Mbio za nini?" akauliza, nami sikuwa na jibu karibu. Alinirudisha kwenye foleni, akasimamia mwenyewe nikipakuliwa ugali wa watu wawili na kichwa cha mbuta, akaketi mkabala nami mpaka sahani ikang'aa.

Swali hilo limenikalia wiki nzima. Si mara ya kwanza kuulizwa, ila sikuwahi kuulizwa na mtu aliyeshika mkono wangu.

Wa kwanza kuniuliza walikuwa vijana wa boda boda pale Migori mjini. Saa kumi na moja alfajiri bado ni giza, wao wamezunguka jiko la chai, nami napita na tochi kichwani. "Ang'o malawi?" Nini kinakukimbiza? Walicheka wiki mbili, wakazoea. Lakini mmoja hakuzoea. Alinifuata kwenye barabara ya Awendo karibu kilomita mbili, pikipiki ikinguruma polepole ubavuni pangu, akinisihi nipande. "Mwalimu, hata kama nauli huna, panda tu. Utanilipa mwezi ukiisha." Nilipokataa mara ya tatu alikasirika, akaondoka kwa kishindo na kuniachia vumbi. Namwelewa. Mwalimu mzima wa sekondari anatokwa jasho barabarani na pikipiki ipo: ama amefilisika, ama ametoka nyumbani kwa ugomvi. Anayekataa msaada katika hali hiyo ana kiburi.

Maisha yenyewe hayana fahari yoyote. Naamka saa kumi, natafuta soksi gizani nisimwamshe mke wangu, ambaye huwa yu macho tayari na ananisikiliza nikijikwaa. Raba zangu ni za mitumba, za soko la Migori. Ndani ya ulimi wa kiatu cha kushoto mtu aliandika herufi mbili za jina lake kwa wino, na kuna asubuhi najiuliza mwenzangu huyo wa ng'ambo aliishia kilomita ya ngapi. Najipaka mafuta mapajani na kifuani. Kifuani nilijifunza baada ya kurudi siku moja na matone mawili ya damu kwenye fulana nyeupe, fulana ambayo mke wangu alikataa kuifua mpaka nieleze vizuri. Mfukoni natia kipande cha sukari nguru na kiazi kitamu kilichochemshwa. Wenzetu wa Nairobi hunyonya jeli za vipakiti; mimi naishi katika nchi ya miwa, sioni sababu ya kuagiza utamu.

Mimi ni Msabato. Jumamosi ni ya Bwana, Jumapili ni ya miguu. Nachukua matatu ya kwanza hadi Rongo, nashuka, nakimbia kuteremka ziwani hadi Homa Bay, karibu kilomita thelathini. Msomaji asidhani kuteremka ni raha. Ukucha wa kidole kikubwa unagonga ncha ya kiatu hatua kwa hatua, na ifikapo jioni umeiva kama zambarau. Halafu kuna joto. Ukikaribia mji, kilima cha Got Asego kimeinuka mbele yako na hewa ya ziwa inakulaki kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Uso wa ziwa letu uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Iten, wanakofanyia mazoezi mabingwa, ni takriban 2,400. Nairobi kwenyewe ni zaidi ya 1,600, kwa hiyo sisi watu wa ziwani tunapanda kwenda kushindana tukiwa na mapafu ya kuazima. Julai malaria ilinilaza siku kumi, nikaanza karibu upya.

Tena ukweni kwangu kuko kando ya barabara hiyo hiyo. Mama mkwe haonyeshwi magoti. Basi nikifika kwenye kibanda cha kinyozi, hatua mia tatu kabla ya boma lao, nafungua suruali ndefu niliyoifunga kiunoni, naivaa, napita nikitembea kwa adabu na kuamkia, kisha nyuma ya kalvati naivua. Saa yangu haijui ukwe. Inaandika tu kwamba kilomita hiyo nilichukua dakika kumi na tano.

Swali linaloniudhi, nakiri, haliulizwi barabarani. Linaulizwa na wasomi, kwenye chumba cha walimu, mtu akipuliza chai: "Sasa wewe utapata nambari ngapi?" Mwingine anadakia: "Na Wakalenjin je, umewaambia wakupishe?"

Haya. Kelvin Kiptum, Mungu amrehemu, alimaliza Chicago Oktoba 2023 kwa saa 2:00:35, na hakuna aliyekuwa amewahi kukimbia marathoni haraka hivyo katika mashindano rasmi. Mimi naomba saa tano. Kwa mwendo wangu, Kiptum akikata utepe mimi niko kilomita ya 17, nafikiria kiazi. Nambari yangu itakuwa ndefu kuliko ya simu, na sijamficha mtu.

Na hilo la Wakalenjin lilinifanya niweke kikombe chini. Ukisimama Rongo ukitazama mashariki unaona milima ya Kisii. Huko ndiko alikotoka Nyandika Maiyoro, aliyekwenda Melbourne mwaka 1956, mara ya kwanza kabisa Kenya kutokea kwenye Olimpiki. Huko ndiko alikotoka Naftali Temu, aliyeiletea Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, mita 10,000, Mexico City, mwaka 1968. Yobes Ondieki, mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 10,000 chini ya dakika 27, mwaka 1993, ni wa huko pia. Nauli ya matatu tu kutoka hapa. Sisi wenyewe ndio tuliokubali kwamba mbio ni mali ya Bonde la Ufa, zina kambi, zina wakala, zina dola, na asiyekimbilia dola anafanana na mkulima anayepanda mahindi na hana nia ya kuvuna.

Lakini angalieni tunavyobagua. Kila Jumapili jioni wanaume wa rika langu, vitambi mbele, wanafukuzana na mpira kwenye uwanja wa shule, na sijasikia mtu akiwauliza kama Gor Mahia wamewaita. Mke wangu anaimba kwaya miaka kumi na minne. Hakuna aliyemuuliza ataimba lini redioni. Mbona miguu yangu peke yake ndiyo idaiwe faida?

Nilikuwa nikijipongeza kwa hoja hiyo mpaka nilipokutana na mkata miwa.

Ilikuwa upande wa Awendo, Jumatano ya wiki ya kwanza ya likizo. Trekta imeegeshwa, tela nusu imejaa, wanaume sita wamo shambani tangu kabla ya jua. Mmoja akanyoosha mgongo, akaniita. "Mwalimu! Kama nguvu zimekuzidi, njoo uchukue panga." Wenzake wakaangua kicheko. Nikasimama, nikaona haya kuendelea, nikaingia shambani. Nilikata miwa kumi na miwili. Unainama, unakata chini kabisa karibu na udongo, unakata kilele, unatupa kwenye rundo. Majani yanachanja kama nyembe. Kufikia wa kumi na mbili kiganja kilikuwa kimetoa lengelenge, na rundo langu lilionekana kama lililoachwa na mtoto. Akanimenyea kipande, tukatafuna.

"Kwani huko mbioni unalipwa na nani?"

Nikamwambia silipwi, nalipa mimi. Kuna ada ya kujiandikisha.

Alitema makapi, akageuka kuwaita wenzake kwa sauti. "Njooni msikie! Huyu analipa ili achoke!"

Sikuwa na la kusema. Na najua wako wasomaji wanaomuunga mkono sasa hivi. Mtaniambia kwamba kule Nyatike kuna vijana wanashuka mashimoni kutafuta dhahabu kwa kamba na tochi, kwamba kuna wanawake Sori na Mbita wanaoamka saa ile ile ninayoamka mimi, nao wanaenda kuanika omena. Mtaniambia mama yangu bado anachota maji. Anachota. Juzi nilipomtajia kilomita zangu aliuliza, kwa upole kabisa, "Hizo zinaliwa na nani?" Mtasema huku kwetu mwili ni jembe, na mimi napiga jembe hewani.

Nakubali ni anasa. Asiye na mshahara hawezi kuumeza muda kama ninavyoumeza mimi. Lakini marehemu baba alikata miwa, na katika maisha yake yote sikumwona amechoka kwa jambo lake mwenyewe. Uchovu wake ulikuwa umeshauzwa kabla hajaamka: huu wa karo yangu, huu wa mkopo wa mbolea, huu wa mazishi ya fulani. Aliporudi jioni hakukuwa na kilichobaki cha kuamua. Mimi nimepata saa mbili za alfajiri ambazo hakuna anayenidai, nami nimeamua kuzichosha nipendavyo. Sitaki kuzionea haya. Anayeniambia nikae chini kwa sababu mkata miwa amechoka hajampunguzia mkata miwa hata muwa mmoja. Pigania bei ya tani ipande, apate naye kubaki na nguvu za kuchezea. Huko nitakuunga mkono.

Kumbe huenda anazo. Jumapili ya wiki hiyo hiyo, jioni, nilipitia Awendo nikitoka Homa Bay, matatu ikasimama kushusha abiria kando ya kiwanja, na aliyekuwa golini alikuwa yeye. Sura ile ile, glavu za kazi mikononi. Alijirusha kwenye kokoto kuokoa mpira ambao ulikuwa unatoka nje, akainuka na goti linavuja damu, akicheka. Nilitoa kichwa dirishani nikapiga kelele: "Unalipwa na nani?" Alinitambua. Alichojibu hakiandikiki gazetini.

Kwa hiyo wa boda boda nimemsamehe, wasomi nimewajibu, na mkata miwa tumelingana. Kwa waya ndiko nisikofika.

Wasiotoka huku hawawezi kujua neno kukonda linabeba nini Homa Bay. Miaka ya tisini, mtu alianza kwa kutoboa tundu jipya kwenye mkanda. Baadaye utamwona amevaa koti mchana wa jua kali, mabega yakae sawa. Baadaye haji tena sokoni. Hakuna aliyeuliza kwa sauti. Walizungusha vidole kwenye kifundo cha mkono, wakajua. Mwaka 2001 Madaktari Wasio na Mipaka walianza kutoa dawa za ARV katika hospitali ya Homa Bay, na polepole watu waliokuwa wameagwa walirudi mashambani. Siku hizi waliomeza dawa miaka ishirini wana vitambi, vile ninavyokimbia kuvipunguza mimi. Lakini ndugu watatu wa waya walikufa kabla ya hapo, mmoja wao baba mdogo aliyenifundisha kuogelea. Vidole vya waya vilisoma shule hiyo, na mimi nilivicheka.

Jumatatu nilikwenda kupima. Sikuwa na shaka, au nilidhani sina. Zile dakika za kusubiri kwenye benchi moyo ulinienda mbio kuliko mlima wowote. Nilimpigia nikiwa bado langoni, nikamsomea karatasi neno kwa neno.

Alikaa kimya. "Basi ni mbio kweli," akasema.

"Ni mbio kweli, waya."

"Na hakuna anayekukimbiza."

"Hakuna."

Akapumua. Kisha akauliza Jumapili nitapita saa ngapi, kwa sababu atakuwa njia panda ya Rodi na jagi la uji, na nisithubutu kumpita. Nikasema nitasimama. Akasema pia nisimwaibishe mbele ya majirani kwa ile kaptura aliyoisikia. Nikamwambia bila kaptura haiwezekani, ni karibu kilomita thelathini, na kwa mama mkwe tu ndiko ninakovaa suruali. Alifikiri kidogo, akasema basi atakuja na leso. Akakata simu kabla sijamuuliza ni ya kunipangusa jasho au ya kunifunga kiunoni.