Makengeza ya Mtoto na Swali la Nani Alikosa

Mtoto akionekana ana makengeza, hapa Kidatu kama kwingine, maswali humwendea mama yake: wakati wa mimba alimcheka nani? Alimkosea nani? Wanafunzi wa Yesu nao waliuliza hivyo juu ya mtu aliyezaliwa kipofu (Yoh. 9). Walidhani majibu ni mawili tu: dhambi yake au ya wazazi wake. Bwana aliyakataa yote mawili. Sisi tunaomkiri hatuna ruhusa ya kuyarudisha.

Tutazame jinsi jicho linavyoumbwa. Kila jicho huzungushwa na misuli sita. Nyama ya misuli hiyo hutokana na seli za tabaka la katikati la kiinitete. Lakini kano zinazoishikiza kwenye ukuta mweupe wa jicho zina asili nyingine: seli zake huanzia ukingoni mwa kile kitakachokuwa ubongo, kisha husafiri hadi kulizunguka jicho. Utafiti kwa panya umeonyesha kwamba jicho lenyewe, likiwa bado linachipuka, hutoa kemikali itokanayo na vitamini A, na kwa ishara hiyo seli za jirani hujipanga. Kwa binadamu kazi hii huanza karibu wiki ya nne na ya tano, wakati akina mama wengi hawajajua kwamba ni wajawazito.

Sisi wa Kidatu tunajua ugumu wa kukutanisha vitu vya asili mbili. Reli itokayo Kilosa ina upana wa milimita 1,000, na ile ya TAZARA 1,067. Zote zinafika hapa, lakini behewa la huku haliendelei kule; mzigo hauna budi kuhamishwa, kwa sababu ya milimita 67 tu. Tumboni mwa mama, seli za asili mbili hukutana na kushikana. Mwandishi wa Zaburi ya 139 hakuwa na hadubini, lakini aliistaajabia kazi hiyo.

Ndipo linapokuja swali gumu: kama Mungu ndiye afumaye, je, makengeza nayo ameyafuma yeye? Tukisema ndiyo upesi, tunamfanya mkatili. Tukisema hapana upesi, tunamnyang'anya uumbaji wake. Martin Luther, katika hoja zake za Heidelberg mwaka 1518, alionya dhidi ya kuchungulia siri za Mungu, akafundisha kwamba Mungu hujulikana katika mateso na msalaba. Basi hatudai kuijua sababu iliyofichika. Tunajua Mungu yuko upande wa nani: wa mtoto anayechekwa na mama anayenyooshewa kidole.

Tena Yesu hakuishia kwenye mjadala. Alifanya tope, akampaka yule mtu machoni, akamtuma kunawa. Makengeza yana sababu nyingi, zikiwamo urithi, kuzaliwa njiti, kuhitaji miwani na hitilafu za mishipa ya fahamu. Mtoto asipotibiwa mapema, ubongo unaweza kuzoea kulipuuza jicho moja, na uwezo wake wa kuona ukafifia. Wengine husaidiwa kwa miwani, wengine kwa kufunikwa jicho lililo zima kwa muda, na wengine daktari huufungua msuli na kuushona mahali panapofaa zaidi.

Kwa hiyo usharika ukisikia kuna mtoto wa namna hiyo, usiitishe kikao cha kutafuta mkosaji. Uchange nauli, mtoto apelekwe kwa daktari wa macho akiwa bado mdogo.