Kinyago na Hati

Katika Misri ya enzi ya Ptolemaio, mafundi walikusanya karatasi za mafunjo zilizokwisha kazi, wakazigandisha tabaka juu ya tabaka, wakazipaka chokaa na rangi, wakafanyiza vinyago na vifuniko vya kuwapamba maiti. Hivyo barua, hati za kodi na tungo ziliingia kaburini bila mtu kukusudia kuzihifadhi.

Flinders Petrie alipochimba Gurob mwaka 1889 na 1890, vifuniko vya namna hiyo vilibanduliwa. Yakatoka mabaki ya Phaedo ya Plato, na ya Antiope, tamthilia ya Euripides ambayo haikusalia kamili popote. Baada yake vinyago vingi viliyeyushwa ili maandishi yapatikane. Je, ni halali kuharibu kazi ya mkono mmoja ili kusikia sauti ya mwingine?

Watetezi husema kwamba vinyago ni vingi, na maneno ya Euripides ni machache. Hoja hii ina nguvu, lakini hupima tendo kwa bahati iliyolifuata. Avunjaye hajui atakachokuta. Huenda ikawa stakabadhi ya nafaka tu. Kinyago, kwa upande wake, kinajulikana: ni ustadi wa fundi na heshima ya waliofiwa kwa mpendwa wao. Kukiita ganda la hati ni kuwanyang'anya wafu zawadi ya mwisho waliyopewa, nao hawana kinywa cha kukataa.

Kuna funzo jingine. Gombo lililoungua lilipatikana En-Gedi, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1970. Halikuweza kukunjuliwa pasipo kuvunjika, basi likaachwa. Mwaka 2015 likasomwa kwa eksirei na kompyuta, bila kukunjuliwa, likaonekana kuwa sehemu ya Mambo ya Walawi. Waliolihifadhi miaka 45 hawakujua kwamba njia hiyo ingekuja. Walijua tu kwamba kilichovunjika hakingengoja.

Si kila kinyago kinasomeka hivyo leo, na subira ina gharama yake: wako wanazuoni watakaokufa kabla ya kusoma walichokitamani. Gharama hiyo ni ya kweli, wala haifai kudharauliwa. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Hasara ya angojaye ni yake na ya kizazi chake. Hasara ya avunjaye huwaangukia wote watakaozaliwa baadaye, ambao hawakuulizwa. Elimu iliyo na haki haiwalipishi wasiokuwapo deni la haraka yake.