Kinachoua Gari ni Kusimama

Kuanzia mitaa ya Karatu hadi maboma ya Malambo, si ajabu kukuta Land Rover 109 juu ya mawe, kuku wakitaga chini ya kiti cha dereva. Mwenyewe atakwambia ipo siku itaamka. Siku hiyo haiji yenyewe, na kila masika yanayopita yanaisogeza mbali zaidi, kwa sababu kusimama huliua gari haraka kuliko barabara mbovu. Petroli iliyolala kwenye tangi huharibika ndani ya miezi michache na kuacha gundi kwenye kabureta. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, silinda za breki zikashika kutu. Betri hufa, panya hutafuna nyaya. Bodi nalo hudanganya: Land Rover ya kwanza, ya mwaka 1948, ilivikwa alumini kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita. Alumini hiyo haishiki kutu, lakini chesisi iliyo chini yake ni chuma. Kwenye hewa ya chumvi ya Tanga huliwa upesi. Kwenye nyanda kame za Malambo hudumu, na kinachotangulia kufa ni mpira: matairi, sili, mipira ya rejeta.

Ndiyo maana fundi makini hapigi stata kwanza. Humimina oili kidogo ndani ya silinda za injini, akaziacha zilowe, kisha huizungusha kwa mkono, maana pistoni iliyoganda kwa kutu ikilazimishwa hukwaruza silinda. Halafu, kabla hajafurahia mlio wa injini, hugeukia breki. Wengi huanza na mlio kwa sababu ndio unaokusanya watu. Lakini gari lisilowaka halijamuua mtu, lisilosimama limeua.

Watakaopinga watauliza: pesa hiyo si bora kununua jingine? Hoja hii ina uzito, ila hilo jingine kwa walio wengi ni mtumba pia. Kenya hukataa kuingizwa kwa magari ya mtumba yaliyozidi miaka 8. Tanzania huyaruhusu na kuyatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Zaidi ya hapo, gari linaloendeshwa kwa kompyuta likizima porini Malambo, fundi mwenye spana tupu hana la kufanya. Dizeli ya zamani yenye pampu isiyotegemea umeme humruhusu ajaribu kuitengeneza palepale. Nakubali kwamba 109 hunywa mafuta, hutoa moshi, na nyingi hazina mikanda ya usalama. Kwa anayetaka gari la kwenda Arusha kila wiki kwenye lami, wapinzani wangu wamenishinda, aachane nayo. Lakini kama kuna kazi inayolingoja, mapipa ya maji, magunia ya mahindi, mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Wasso, kulifufua ni hesabu, wala si mapenzi ya vitu vya kale.

Hoja ngumu kuliko ya pesa ni ya ukoo. Mara nyingi gari hilo ni la marehemu baba. Kadi bado ina jina lake, mirathi haijafunguliwa, na ndugu hawajakubaliana aliachiwa nani, basi wote wanaliita kumbukumbu na hakuna anayelinunulia hata lita ya oili. Heshima ya namna hii siielewi. Mzee alilinunua libebe watu. Zamani walau kulikuwa na kisingizio: ada ya leseni ya mwaka ililimbikiza deni hata kwa gari lisilotembea, na mtu aliogopa kuliamsha pamoja na madeni yake. Mwaka 2017 serikali ilifuta ada hiyo na kuhamishia mzigo kwenye bei ya mafuta, hivyo sasa analipa anayeendesha.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya kulifufua si ya spana, ni ya kikao cha familia: nani msimamizi wa mirathi, na gari litafanya kazi gani. Mkikosa jibu la swali la pili, liuzeni. Utengenezaji wa Defender za mtindo ule wa zamani, zilizorithi 109, ulikoma Januari 2016, lakini magari ya jamii hiyo bado yanatembea, na giaboksi yenu inaweza kulibakiza moja barabarani. Mkilipata jibu, mwiteni fundi kabla ya masika, alale chini akague chesisi kwanza. Akisema imeoza, msibishane naye. Livunjeni muuze spea.